Uaminifu wa Motokaa Rahisi

Neno uaminifu tumelizoea kwa wanadamu. Twasema mtumishi mwaminifu, mke mwaminifu, rafiki mwaminifu. Na mtu asiyetimiza ahadi twamwondolea sifa hiyo bila huruma. Kwa vitu tuna sifa nyingine: jembe huwa kali, nyumba huwa imara, kamba huwa ngumu. Lakini katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ambako ndiko kwetu na ndiko nirudiko kila chuo kifungwapo, nimesikia mara nyingi madereva wakilitoa neno hili kwa watu na kulipa chuma. Husema, "Gari hili ni mwaminifu." Mwalimu wa sarufi aliye ndani yangu hutaka kusahihisha ngeli, kwa kuwa gari si kiumbe kipumuacho, lakini msafiri aliye ndani yangu hunyamaza, kwani ajua asemalo dereva. Dereva hasifu kitu; atoa ushuhuda juu ya mwenzi wake wa kazi. Nataka katika kurasa hizi kuuliza ushuhuda huo una haki kiasi gani. Motokaa ya bei nafuu, inunuliwayo na mtu wa kipato kidogo baada ya kutumiwa na mwingine miaka kumi au zaidi, yaweza kweli kuitwa mwaminifu? Na kama yaweza, uaminifu huo hutoka wapi?

Kiswahili hutumia neno moja, rahisi, kwa mambo mawili: kitu kisicho ghali na kitu kisicho kigumu. Sidhani kwamba huo ni umaskini wa lugha. Katika biashara ya magari maana hizo mbili hukutana na kupimana. Gari la bei rahisi lililoundwa vizuri huwa rahisi pia kulielewa, kulifungua na kulitengeneza. Lililoundwa vibaya huwa rahisi siku moja tu, siku ya kulilipia. Baada ya siku hiyo kila jambo lake huwa gumu. Historia ya magari ya watu wa kawaida ni historia ya watengenezaji waliofahamu tofauti hiyo na wengine walioisahau. Na pengine jina lile lile huifahamu katika ujana wake likaisahau uzeeni. Mfano ulio karibu nasi ni Datsun.

Jina hilo lilianza kwa herufi tatu. Mwaka 1911 mhandisi Masujiro Hashimoto alianzisha karakana ya magari mjini Tokyo, na mwaka 1914 gari lake likaitwa DAT, kwa herufi za kwanza za majina ya wafadhili wake watatu, Den, Aoyama na Takeuchi. Mwaka 1931 likaundwa gari dogo zaidi, likaitwa Datson, maana yake mwana wa DAT kwa namna ya Kiingereza. Lakini silabi ile ya mwisho, ikitamkwa na Mjapani, hufanana na neno la hasara. Na ni mfanyabiashara gani ataandika hasara juu ya bidhaa yake? Mwaka 1932 jina likageuzwa kuwa Datsun, likabeba jua badala ya hasara. Sisi tusomao lugha tuna haki ya kutabasamu kidogo hapa, kwa kuona jinsi irabu moja ilivyoonekana nzito kiasi cha kubadilishwa. Kampuni ya Nissan ilizaliwa katika miaka hiyo hiyo ya 1930, na Datsun likawa jina la magari yake madogo, magari ya mtu asiye tajiri.

Afrika Mashariki ililijua jina hilo kwa vumbi na matope. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, yalikuwa mtihani uliosimamiwa na barabara zenyewe, na watu walisimama pembeni kutazama kipi kitapita na kipi kitalala. Datsun ilishinda mwaka 1970, ikashinda tena mwaka 1971 na mwaka 1973, kisha ikashinda miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda na kushindana kwa jina la Kenya, alitwaa ushindi huo mara 5, zote akiwa katika magari ya kampuni hiyo. Mkulima wa kahawa hakuwa na haja ya kusoma tangazo. Alikuwa ameona, au amesimuliwa na aliyeona, na kizuri chajiuza.

Baba yangu mdogo alikuwa na pikapu ya Datsun nilipokuwa mtoto. Ilibeba kahawa, ndizi, maharage, maharusi, wagonjwa na maiti, na kila mzigo ulipewa heshima yake. Miaka ile ya mwanzo ya 1980 nchi yetu ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na spea zilitafutwa kama dawa. Fundi alikata gasketi kwa karatasi ngumu ya boksi. Mpira wa baiskeli ulifunga bomba la maji. Skrubu moja ikianguka majanini, watu watano waliinama kuitafuta. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha za kigeni kuagiza bidhaa wenyewe, pikapu ziliongezeka, lakini ile ya baba mdogo iliendelea na kazi. Nakumbuka zaidi ya yote kwamba mtu aliweza kuufungua mdomo wake na kuona kila kitu: hapa moto, hapa mafuta, hapa maji. Urahisi wake ulikuwa uwazi. Haikuwa haiharibiki, iliharibika mara nyingi. Lakini haikuficha ugonjwa wake.

Kuanzia mwaka 1981 Nissan ilianza kuliondoa jina la Datsun duniani, na kabla ya miaka ya 1980 kwisha lilikuwa limetoweka katika magari mapya. Kisha, mwaka 2013, lilifufuliwa mjini New Delhi kwa gari dogo lililoitwa Datsun Go, likakusudiwa wanunuzi wa gari la kwanza katika nchi kama India, Indonesia, Urusi na Afrika Kusini. Wazee waliolikumbuka jina walifurahi. Lakini mwaka 2014 shirika la Global NCAP, lipimalo usalama wa magari kwa kuyagonganisha, liliipima Datsun Go ya India na kuipa nyota 0 kwa ulinzi wa abiria wazima, likasema kwamba bodi yake haikuweza kuhimili kishindo. Mwaka 2017, katika vipimo vya magari yaliyouzwa Afrika Kusini, ndugu yake Datsun Go+ ilipata nyota 1. Mwaka 2022 Nissan ililifunga jina hilo kwa mara ya pili. Jina lilirithiwa, lakini kilicholipa jina uzito wake hakikurithiwa. Gari la kwanza lilikuwa rahisi kwa sababu halikuwa na kisichohitajika. La pili lilikuwa rahisi kwa sababu lilipunguziwa hata kinachohitajika. Atakaye kujua tofauti ya maana mbili za neno rahisi, na atazame hapo.

Nafasi iliyoachwa na Datsun katika vilima vyetu haikukaa wazi. Leo ikitajwa motokaa ya mtu wa kawaida katika njia ya Kayanga, Omurushaka, Nkwenda, Kaisho hadi Murongo, fikra za wengi huenda kwa Toyota Probox. Hili ni gari lisilo na majivuno. Lilitolewa Japani mwaka 2002 kuchukua mahali pa Corolla ya mizigo, na pacha wake, Succeed, likachukua mahali pa Caldina ya mizigo. Yote mawili yaliundwa katika viwanda vya Daihatsu kwa ajili ya Toyota. Hayakukusudiwa familia wala maharusi. Yalikusudiwa wachuuzi, mafundi wa umeme na wapelekaji wa vifurushi, watu ambao hufanya gari kuwa ofisi yao na meza yao ya chakula. Umbo lake ni la sanduku, kwa kuwa sanduku hubeba zaidi; sehemu yake ya nyuma, siti zikilazwa, ina urefu wa karibu mita 1.8. Injini iliyopendwa zaidi ni ya ujazo wa lita 1.5, ile iitwayo 1NZ-FE, ambayo huongoza vali zake kwa mnyororo na si kwa mkanda wa mpira. Mwaka 2014 gari lilibadilishwa sura na mambo mengi ya ndani, na baadaye likaongezwa lenye injini pamoja na mota ya umeme. Lakini yale yaliyojaa katika vituo vyetu ni ya kizazi cha kwanza.

Kuna sababu ya magari hayo kutufikia. Huko Japani gari dogo la mizigo, likiisha kutimiza miaka miwili, hutakiwa kukaguliwa kila mwaka, na ukaguzi ule una gharama. Kampuni iliyotumia gari kwa kazi huona afadhali kuliuza. Hivyo lile lililochoka kwa hesabu ya Tokyo huingia melini na kuzaliwa upya kwa hesabu ya Dar es Salaam, kisha hupanda siku nyingine mbili hadi Kagera. Injini yake ni ndugu wa injini zilizomo katika Vitz, IST, Raum na baadhi ya Corolla. Na kwa kuwa ndugu hao wamejaa nchini, plagi ya mmoja yamfaa mwingine. Hili ni jambo ambalo wanunuzi wengi hawalisemi, lakini ndilo lililo chini ya sifa zote. Gari lisiloharibika halipo. Lililopo ni gari ambalo likiharibika asubuhi spea yake hupatikana kabla ya jua kutua.

Huku kwetu gari hilo limepata jina la kazi, mchomoko, na wingi wake michomoko. Jina ambalo hupewa pia magari mengine madogo yabebayo abiria. Asili yake ni kitenzi chomoka, kutoka ghafula mahali palipobana. Ni jina la haki, kwa maana gari hili huchomoka kituoni lijaapo, bila kungoja saa kama basi. Lakini lugha ya madereva haikomei hapo. Gari huchemsha, hula oili, hukohoa, hunoki, hupumua, hulala njiani, na mwisho hufa. Lina miguu, nayo miguu huuma. Nimekaa siku nyingi katika gereji za Omurushaka na Kayanga nikiandika maneno haya, na sikuona hata moja lililosemwa kwa mzaha. Ni msamiati wa tabibu.

Wenye magari haya waeleza nini? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, basi na tuwasikilize waliolala. Husema kwanza kwamba injini haina neno ikipewa oili kwa wakati. Waliobadilisha oili kila walipotakiwa wameyaendesha magari haya mpaka namba za kilomita zikawa hazina maana. Waliochelewesha, au kununua oili isiyojulikana ilikotoka, wameona moshi wa buluu mapema. Husema pili kwamba miguu ndiyo yenye taabu. Barabara za changarawe zenye mawimbi kama ubao wa kufulia hula bushi, boli jointi, bering na shokapu, na mwenye gari aliyefikiri kwamba amemaliza gharama siku ya kununua hugundua kwamba amelipa sehemu ya kwanza tu. Husema tatu kwamba maji huua wengi kuliko ajali: rejeta hutiwa maji ya mtoni, kutu huingia, na fundi mwenye haraka huondoa thamostati akidhani kwamba ameiponya injini, kumbe ameinyima joto lake la kufanyia kazi. Nchi yetu ni ya milima. Gari hupanda likiwa limejaa, kisha hushuka likiwa limejaa vile vile. Kupanda hupima injini, na kushuka hupima breki. Wachache husifu breki, kwa sababu breki ni mtumishi ambaye watu humkumbuka siku asipofika kazini.

Sifa nyingi wanazopewa Wajapani yafaa zigawanywe na mafundi wetu. Usione vyaelea, vimeundwa; nami naongeza kwamba usione vyatembea, vimetengenezwa tena na tena. Karagwe haikuanza jana kuheshimu mkono ufuao chuma. Speke na Grant walipofika mwishoni mwa mwaka 1861 katika makao ya Omukama Rumanyika, walifika katika ufalme uliokuwa umejua chuma kwa karne nyingi. Katika hazina ya kifalme ya Bweranyange mlikuwa na ng'ombe wadogo wa chuma wenye pembe zilizopindwa kwa ustadi, na mlikuwa na nyundo na fuawe, vyombo vya mhunzi vilivyofanywa alama za enzi. Ufalme uliokubali kuwakilishwa na nyundo ulifahamu jambo ambalo sisi twalisahau: kwamba jamii husimama juu ya watu wawezao kutengeneza. Kijana alalaye chini ya Probox leo, nguo zake nyeusi kwa grisi, hapewi ng'ombe wa chuma wala kiti cha heshima. Lakini akikosekana kwa wiki moja, kahawa haitafika sokoni, na bati la Kyerwa litabaki kilimani.

Mimi mwenyewe ni mwenye Probox. Niliinunua mwaka 2015 kwa ajili ya safari za utafiti na vitabu, na kwa miaka miwili haikunipa sababu ya kulalamika. Mwaka 2018, mwezi wa Aprili, nikiwa likizoni, pampu yake ya maji ilichoka, jambo la kawaida kwa umri wake. Nilikwenda katika duka moja la spea, mjini, nikauziwa pampu ndani ya boksi zuri lenye maandishi yote yatakiwayo, kwa bei yote itakiwayo, na risiti nikapewa. Siku 19 baadaye pampu ile ilivunjika ikamwaga maji yote, na fundi alipoifungua alinionyesha bila kusema neno: bering yake ilikuwa nyepesi kama ya mwanasesere. Boksi lilikuwa la kweli, kilichokuwemo hakikuwa. Gari langu likakaa juu ya mawe likingoja pampu nyingine itoke Mwanza.

Usiku wa pili wa kungoja huko, mama yangu mzazi alishikwa na maumivu makali ya tumbo kijijini kwetu, upande wa Kyerwa. Mvua ya masika ilikuwa inanyesha. Tulipiga simu kwa watu watatu wenye magari makubwa. Mmoja alikuwa safarini, wa pili hakupokea, na wa tatu alisema kwamba barabara haipitiki. Aliyekuja alikuwa dereva wa mchomoko, kijana wa jirani, na Probox yake yenye mlango mmoja wa rangi nyingine na mshale wa mafuta uliokwama. Alishuka, akamwamkia mama kama mtoto amwamkiavyo mzazi wake, akatoa magunia mawili ya maharage aliyokuwa amepakia kwa safari ya alfajiri, akailaza siti ya nyuma na kutandika godoro. Mama akalala amenyooka. Zile mita 1.8, ambazo mhandisi alizipima kwa ajili ya vifurushi, zilimtosha.

Safari ya kufika hospitali ya Nyakahanga ilituchukua saa nne na zaidi. Mara mbili alisimama, akashuka na tochi kupima kina cha maji kwa fimbo, kisha akapita polepole kama mtu avushaye ng'ombe. Mteremkoni alizima redio asikilize breki. Nilimwuliza kama haogopi gari litatulaza njiani. Akajibu, "Mwalimu, hili nalijua linavyopumua. Likitaka kulala litaniambia kabla." Tulifika kabla ya kupambazuka, mama akapokewa, akafanyiwa upasuaji, na kwa rehema ya Mungu yu hai mpaka leo. Nilipotaka kumlipa kijana nauli ya gari zima alikataa, akapokea fedha ya mafuta tu, akasema kwamba abiria wake wamngoja.

Kama habari ingeishia hapo, ningeandika shairi la kumsifu na kuliweka kalamu chini. Lakini siku mbili baadaye nilikuwa kituoni Omurushaka nikitafuta matunda ya mama, nikaliona gari lile lile likipakia. Niliwahesabu waliokuwamo: watu 11, pamoja na dereva aliyekuwa ameketi nusu juu ya kiti na nusu juu ya paja la abiria, na mtoto wa mtu mgongoni ambaye sikumtia katika hesabu. Nyuma kabisa, pale alipolala mama, waliketi wanne wamekunja magoti juu ya gunia. Dereva alinipungia mkono kwa furaha. Nami nikampungia, kwani ningefanya nini? Lakini mkono wangu ulikuwa mzito.

Tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Kadi ya gari lile yasema watu 5. Mtengenezaji alilipa uwezo wa kubeba watu 5 na mzigo wa kilo 250, au watu 2 na kilo 400. Kwa kawaida ya Wajapani kila mtu huhesabiwa kilo 55. Hivyo watu 5 ni kilo 275, na mzigo wao ukiongezwa jumla ni kilo 525. Watu 11 wa kwetu, tukiwapa kilo 65 kila mmoja, ni kilo 715, na gunia moja la kilo 100 huzifikisha 815. Zimezidi kilo 290. Uzito huo haujui kwamba dereva ni mkarimu. Hukaa juu ya springi, hukaa juu ya matairi, na mteremkoni hudai kwa breki deni ambalo breki hazikukopa. Hao wanne wa nyuma hawana mkanda wala kiti. Kati yao na gari lijalo nyuma pana mlango wa bati. Tukisema kwamba gari ni mwaminifu kwa sababu injini yake haizimi, tumepima uaminifu kwa upande wa mwenye gari tu. Abiria naye ana kipimo chake: si kufika kwa gari, ni kufika kwake.

Nimesikia hoja ya upande wa pili, nayo si ya kubezwa. Dereva husema kwamba nauli ya watu wanne hailipi mafuta, hesabu ya mwenye gari na bushi za kila mwezi. Abiria husema kwamba afadhali kubanwa kuliko kulala njiani, na mama mwenye mkungu wa ndizi husema kwamba basi halifiki kwao. Wote wasema kweli. Hapo ndipo penye uzito wa jambo: gari lilelile, kwa sababu zilezile za wepesi, nafasi na spea nyingi, lilimwokoa mama yangu usiku wa Jumanne na kuwahatarisha wana wa watu mchana wa Alhamisi. Chuma hakikubadilika kati ya siku hizo mbili. Kilichobadilika ni idadi ya watu.

Wala tusidhani kwamba uaminifu hupungua kwetu tu na kwamba huko utokako ni chemchemi isiyochafuka. Tarehe 20 Desemba 2023 Daihatsu, kampuni iliyokuwa ikiiunda Probox kwa Toyota, ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa tume ya nje: udanganyifu 174 katika vipimo vya kuthibitisha usalama na ubora, ukihusu aina 64 za magari. Upelekaji wa magari yake ukasimamishwa, na Probox mpya ikarudi kutengenezwa mwezi Februari 2024 baada ya serikali ya Japani kuridhika. Fikra zetu yafaa ziguswe na habari hiyo. Wahandisi wenye elimu, katika nchi yenye sheria kali, walibanwa na haraka wakaandika kilichotakiwa badala ya kilichopimwa. Tofauti yao na yule aliyetia pampu ya uongo katika boksi la kweli ni ya ukubwa tu.

Serikali za majirani zimejaribu kuulinda uaminifu kwa kalenda. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8. Uganda iliweka mpaka wa miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haikukataza bali hutoza ushuru wa ziada kwa gari lililozeeka. Kila njia ina hekima yake. Lakini mtu aishiye Kyerwa, mwenye Uganda ng'ambo ya daraja la Murongo na Rwanda ng'ambo ya mto Kagera, ajua kwamba umri wa gari huandikwa katika kadi, na afya yake huandikwa katika daftari la fundi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Gari la miaka 20 lililotunzwa na kubeba kiasi chake ni salama kuliko la miaka 8 lililonyimwa oili na kugeuzwa lori. Kama ningeulizwa nini kikaguliwe kwanza, ningesema breki, matairi na hesabu ya vichwa, kisha ndipo mwaka wa kuzaliwa.

Nimerudi basi kwenye swali la uaminifu hutoka wapi. Nimeona kwamba haukai mahali pamoja. Fungu lake moja lipo kwa mhandisi aliyechagua mnyororo badala ya mkanda na sanduku badala ya pambo, fungu lipo kwa muuza spea, fungu kwa fundi, fungu kwa dereva azimaye redio asikilize breki, na fungu, hata kama ni dogo, kwa abiria awezaye kusema, "Gari limejaa, nitangoja jingine." Mmoja wao akivunja fungu lake, waliobaki hulipa. Madereva wetu basi hawakukosea ngeli. Walipolipa gari upatanisho wa watu, walikuwa wanasema, pengine bila kujua, kwamba ndani ya kila gari lifikalo salama kuna watu wengi wasioonekana waliotimiza ahadi zao.

Nasi wa chuo tuna fungu letu. Probox hutufikia na kitabu chake cha maelezo kikiwa kwa Kijapani, na karatasi zilizobandikwa milangoni zikitaja upepo wa matairi na uzito wa mizigo kwa maandishi ambayo mwenye gari hawezi kuyasoma. Fundi hujifunza kwa kubahatisha, na kila kubahatisha kuna gharama yake. Maneno yapo, nimeyasikia gerejini, mengine mazuri kuliko yale tunayoyabuni mezani. Lililobaki ni kuyakusanya, kuyapatanisha na yale ya BAKITA na ya vyuo vya ufundi, na kuandika kitabu chepesi cha Kiswahili kimwelezacho kijana wa Nkwenda gari lake linywe nini, libebe kiasi gani, na breki zake zipimwe lini. Wanafunzi wangu wawili wameanza kazi hiyo mwaka huu, na daftari lao la kwanza lina maneno 340. Neno lililoandikwa mwanzo kabisa ni breki.